Niliiambia Treni Isimame

Nimeaibika leo. Si ile aibu ya kuteleza kwenye tope, ukajifuta ukaendelea na safari. Nimeaibika mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi mia tatu na mgeni rasmi, mchana kweupe, spika zikiwa wazi. Naandika haya nimejifungia chumbani, viatu sijavua. Niacheni niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana hapa Mlali habari haikai.

Kwa wasiojua, mimi ni mwalimu wa fizikia wa kujitolea, mwaka wa nne sasa. (Mwaka wa kwanza unajitolea. Ukifika wa nne, unatolewa kafara.) Wiki mbili zilizopita Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango, akashusha sauti utadhani tunaiba kitu.

"Mwalimu Salma, bodi imepata nafasi ya mkataba. Moja tu. Na mwenyekiti wa bodi ndiye mgeni rasmi wa mahafali ya kidato cha nne. Mzee akiipenda kazi yako, mambo yameisha siku hiyohiyo. Una kitu cha kumwonyesha?"

Nilikuwa nacho. Nilikuwa na treni.

Treni yangu mimi na klabu ya sayansi tumeitengeneza mwaka mzima. Reli ni za pazia, mota tumetoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa, na kichwani kuna kibao cha kompyuta kidogo kama kiberiti. Hicho kibao ndicho dereva. Chini ya kila stesheni kuna sumaku, na tumboni mwa treni kuna sensa nne za kuihisi. Treni ikihisi sumaku inasimama yenyewe, inahesabu sekunde kumi, inaondoka yenyewe. Hakuna anayeigusa. Inazunguka Kilosa, Gulwe, Kongwa, Dodoma, inarudi Kilosa, juu ya meza nne za maabara zilizounganishwa. (Ndiyo, Kongwa. Wazee wanasema reli ilifika Kongwa enzi za karanga za Wazungu, kisha karanga zikagoma na reli ikang'olewa. Mimi nikairudisha. Ilikuwa ya plastiki na bati, lakini nani mwingine aliyejaribu?)

Mkuu alipoiona alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Nilidhani anasifia.

"Hiki kitufe chekundu cha nini?"

"Cha dharura, Mkuu. Ikitokea tatizo nabonyeza, inasimama."

"Kitoe. Kitufe hata feni inacho. Mzee ataona roboti gani hapo? Iambie kwa mdomo. Tena kwa Kiswahili, wazazi nao waelewe."

Nikakitoa. Kosa la kwanza, na si langu. Nikaweka maikrofoni ndogo juu ya kichwa cha treni, nikaifundisha maneno mawili: "Twende" iondoke, "Simama" isimame. Ili isichanganywe na kelele za watu, nikaifundisha iitambue sauti yangu peke yangu. Hiyo maana yake ni kukaa mbele ya treni na kusema neno lilelile mara mia, kwa upole, kwa ukali, kwa haraka, kwa kuvuta. Nilifanya hivyo chumbani kwangu jioni tatu mfululizo. Jioni ya tatu mama mwenye nyumba akagonga mlango.

"Mwalimu, samahani. Huyo unayemwambia asimame kila siku ni nani, na kwa nini hasikii?"

Nikamwonyesha treni. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Uolewe, mwanangu." Akaenda zake.

Haya. Leo ndiyo leo.

Asubuhi upepo umeamka kabla yangu. Mnaujua upepo wa huku miezi hii, unabeba shamba la mtu unakuletea mdomoni. Bwalo halina vioo nusu ya madirisha. Nimefagia, nimepanga meza, nimefuta reli kwa kitambaa, vumbi limerudi, nimefuta tena. Kufikia saa nne treni ilikuwa safi na mimi sikuwa na sauti. Nikisema "shikamoo" inatoka kama mlango wa choo cha shule. Nimekunywa maji ya moto, nimetafuna tangawizi mbichi mpaka machozi. Nilipoijaribu, treni ilinikubali mara moja kati ya tatu. Nikajisemea, Salma, moja kati ya tatu si haba. (Mtu aliyejitolea miaka minne hesabu zake huwa hivyo.)

Mgeni rasmi akafika. Mzee mrefu, mwanajeshi mstaafu, kaunda suti ya rangi ya maziwa iliyopigwa pasi ikanyooka, mguu mmoja anauburuza kidogo. Nikampa shikamoo. "Marahaba, binti. Wewe ndiye mwenye treni?" Nikaitikia kwa kichwa kulinda sauti. Akaketishwa kwenye kiti cha sofa kilichotolewa sebuleni kwa Mkuu, kikiwa na kitambaa chake cha kufuma.

Mshereheshaji alikuwa Mwalimu Madeje wa Kiswahili. Madeje simchukii. Lakini mpe kipaza sauti uone.

"Ndugu wazazi! Usione vyaelea, vimeundwa! Treni mtakayoiona haina dereva! Ina sensa nne!"

Mama mmoja mstari wa mbele, bibi mwenye kanga mbili, akamgeukia mwenzake. "Sensa tena? Si walishatuhesabu?"

"Nyamaza, watasema hujui."

Kisha Madeje akafanya jambo ambalo nitamkumbushia mpaka kiyama. Akaona meza ziko mbali na mgeni. Akawaita wazazi wawili wenye nguvu: "Hebu tuisogeze Dodoma mbele ya mgeni wetu, aione vizuri." Nilikuwa upande wa pili nafunga zabibu kwenye behewa, ndiyo ulikuwa mzigo, zabibu mbichi za Dodoma za kumkaribisha mzee. Nikasikia miguu ya meza inakwaruza sakafu. Nikainua kichwa, wameshasogeza. Meza ya Dodoma ilikuwa imegeuka kidogo kuelekea kwenye sofa. Kutoka niliposimama reli ilionekana nzima.

Madeje akanikabidhi kipaza sauti. Bwalo likatulia.

"Twende," nikasema.

Kimya. Treni haikutikisika.

"Twende."

Mtu akakohoa. Mgeni rasmi akaegemea mbele kwa adabu.

"Twende!" Nikakaza koo, ikatoka sauti ya bata. Watoto wa kidato cha kwanza wakaanza kucheka kwa pua. Mara ya nne nikasema taratibu, kama namwomba mtu hela ya nauli. Treni ikaondoka.

Jamani, bwalo lililipuka! Vigelegele, makofi, kina mama wamesimama juu ya mabenchi. Ikaingia Kilosa, ikasimama yenyewe, ikahesabu, ikaondoka. Mgeni rasmi anatabasamu. Mkuu anamnong'oneza, nikamwona mzee anagusa mfuko wa koti palipokaa karatasi. Nawaambia ukweli, kwa dakika moja hiyo nilikuwa mtu mwenye kazi. Nilishaona nimehama chumba.

Kisha nikatembea hatua mbili kuifuata treni, nikaiona Dodoma vizuri.

Reli ilikuwa imeachana. Madeje na watu wake walipoivuta meza, reli ya Dodoma iling'oka kwenye kiungo na sasa ilitazama nje, ikaishia ukingoni mwa meza, ikielekea moja kwa moja kwenye sofa la mgeni rasmi. Na sumaku ya Dodoma ilibaki kwenye kipande kingine. Yaani treni ikifika pale haitajua kwamba imefika. Itaenda tu.

Sikuwaza. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikavuta pumzi yote iliyobaki, nikapiga kelele:

"SIMAMA!"

Treni haikunitambua.

Bwalo lilinitambua.

Mmewahi kusoma shule za kwetu? Basi mnajua. Tangu darasa la kwanza, mwalimu akiingia kiranja anasema neno hilo, darasa zima linainuka kumwamkia. Kwa mwanafunzi wa Tanzania neno hilo halipiti masikioni, linaenda moja kwa moja magotini. Wanafunzi mia tatu wakainuka kwa mkupuo mmoja, mabenchi yakanguruma. Wazazi wakaona watoto wamesimama, nao wakainuka. Walimu wakainuka. Mgeni rasmi, miaka yote hiyo jeshini, unadhani angebaki ameketi? Akashika mkono wa sofa, akajivuta kwa lile goti lake, akasogea hatua moja pembeni, akakakamaa.

"Kwani nani amekufa?" akauliza yule bibi wa mstari wa mbele.

Nikafungua mdomo kueleza. Hapo kwaya ya shule ikaanza.

Kwaya haina kosa. Asubuhi Madeje aliwaambia, "Mkiona bwalo lote limesimama, anzeni Wimbo wa Taifa, msisubiri kuambiwa." Wakaona bwalo lote limesimama. Wakaanza.

Sasa nielezeni ninyi wenye akili. Wimbo wa Taifa unapigwa. Mgeni rasmi mwanajeshi yuko mita tatu mbele yangu, mikono imebana mapaja, macho ukutani. Mwalimu wa kujitolea anayetafuta mkataba atakimbia katikati ya Wimbo wa Taifa akashike kitu cha kuchezea? Nikabana mikono. Nikakakamaa. Nikaimba, kama ile inaweza kuitwa kuimba. Na treni, peke yake ndani ya bwalo lile, ndiyo iliyokuwa inatembea.

Haikuwa na haraka. Mwendo wake wa kobe niliuweka mwenyewe, kwa usalama. Ikaingia Gulwe, ikasimama, ikahesabu sekunde kumi kwa uaminifu. Ikaondoka. Ikaingia Kongwa. Ikasimama. Ubeti wa kwanza ukaisha. Nikamtazama Madeje aone, yeye kafumba macho kwa uzalendo. Nikamtazama Mkuu. Mkuu aliiona reli, akaniona mimi, kisha akatazama juu kwenye bendera kama mtu ambaye hanijui. Ikaondoka Kongwa katikati ya ubeti wa pili. Mimi naimba, jasho linashuka mgongoni. Ikaingia Dodoma, haikusimama, ikafika ukingoni, ikainamisha kichwa, ikashuka. Behewa moja baada ya jingine. Ilidondokea kwenye sofa bila kelele, kwenye kile kitambaa cha kufuma, zabibu zikiwa zimefungwa vizuri mahali pake. Nilizifunga mwenyewe, na mimi nikifunga kitu kimefungwa.

Mgeni rasmi hakuona kitu. Alikuwa anatazama ukuta.

Wimbo ukaisha.

"Asanteni sana, tuketi," akasema Madeje.

"Mzee, usi..." Ndiyo yote iliyotoka. Hewa tupu.

Mzee akaketi.

Sijui niseme vipi. Kuna sauti zabibu hutoa. Halafu kuna mota mbili za redio ya kaseti ambazo hazikuwa zimeambiwa zisimame, na magurudumu manane yakitafuta reli mahali pasipo na reli. Mzee wa watu aliruka! Goti bovu lilipona kwa sekunde ile.

"Limemng'ata!" akapiga kelele yule bibi. "Treni limemng'ata mzee!"

Mzee akageuka. Kaunda suti ya rangi ya maziwa, nyuma kote zambarau. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Bwalo zima lilikaa kimya, ukasikika upepo kwenye madirisha yasiyo na vioo, na treni ikivuma peke yake juu ya sofa.

Ndani ya kimya hicho, kwa sauti ya kunong'ona, nikaiambia: "Simama."

Ikanisikia. Sasa ndiyo ikanisikia, mshenzi yule. Ikazima palepale.

Na wanafunzi mia tatu wakainuka tena.

Nikaona kwaya inavuta pumzi. Mkuu aliwanyooshea mkono kama askari wa barabarani, ndiyo wakaacha.

Wakamfuta mzee kwa kitambaa cha kufuma, ikazidi kuenea. Akaukataa msaada, akaomba kipaza sauti. Nilimpa mwenyewe, nikabaki nimesimama pembeni nikisubiri kufukuzwa kazi ambayo sina.

"Binti, ulipitia jeshi?"

"Hapana, mzee."

"Mimi nimeongoza vijana miaka mingi," akawageukia wazazi. "Sijawahi kuona neno moja, tena la sauti iliyokauka namna ile, likainua bwalo zima. Mara mbili! Hata mimi nimesimama, na goti hili daktari alinikataza. Vijana wa siku hizi unawaambia jambo mara kumi hawasikii. Huyu kasema mara moja."

Makofi. Wazazi wanaitikia kwa vichwa. Mzee akatoa karatasi mfukoni, akaipeperusha.

"Mkataba ni wa kwake!"

Vigelegele. Mimi machozi yakanitoka palepale, siwafichi. Miaka minne ninyi mnajua nimekulaje na nimelalaje. Nikapiga goti kumshukuru. Na mzee, Mungu amjalie, akaendelea kusema.

"Ila fizikia si mahali pake. Kipaji hiki kitapotea huko. Kuanzia kesho huyu ndiye mwalimu wa nidhamu wa shule. Au mnasemaje, Mkuu?"

Mkuu alishakubali kabla swali halijaisha. "Na fizikia, mzee?"

"Fizikia aendelee kuishikilia. Kwa kujitolea, mpaka apatikane mtu."

Mmesoma vizuri? Kufundisha watoto kwa nini sumaku inavuta, kujenga kitu kinachojiendesha kwa redio mbovu na reli za pazia, hiyo haina mshahara. Mshahara ni wa kuwasimamisha watu. Niliumia kuliko nilipoona zabibu zinapasuka, maana zabibu ilikuwa ajali. Hili watu wazima wamekaa, wamefikiri, wameamua, na wamepiga makofi. Nami nikasema "Asante sana, mzee," kwa sababu kodi ya chumba haijali fani ya mtu.

Treni wameipeleka stoo. Mkuu kasema klabu ipumzike kwanza, "tusimkumbushe mzee." Badala yake nimekabidhiwa filimbi na daftari la majina ya watoro. Fimbo pia walinipa, nimeiacha mezani kwa Mkuu nikajifanya nimesahau. Wanafunzi wa klabu walinipisha njia wakati natoka. Walinyamaza, wakabana mikono. Jana walikuwa wananiita "Madamu" wakinivuta shati nione waya walivyounga.

Kwa hiyo msinipongeze, tafadhali. Anayetaka kupongeza ampongeze Madeje.

Ngoja nimalizie, simu imeita katikati. Ni mama kutoka Chemba, kumbe Mkuu kampigia mwenyewe kumpa habari njema. Mama analia kwa furaha, anapiga vigelegele mpaka majirani nawasikia wanauliza kuna nini, anawajibu kwa Kisandawe kwamba mwanawe kaajiriwa. Nikamwacha afurahi. Alipotulia akaniuliza, "Sasa mwanangu, utakuwa unafundisha nini?"

Nikamwambia mtandao unakatika.